Glasi Ndefu Ziko Majini

Tuanze na kitako cha glasi, maana ndiko msikoangalia. Nyie wadogo zangu wa kaunta mnashika glasi, mnaitazama mdomoni, mnaona inang'aa, mnamimina bia ya watu. Igeuzeni jamani. Ipandisheni kwenye taa. Uchafu wa glasi unakaa chini kabisa, pale kitako kinapokutana na ukuta, na povu linafia hapohapo. Nimesema hivi mpaka mkanibatiza Mzee Kitako, mkidhani sijui. Najua. Hata aliyelianzisha jina namjua: ni Somoe, ambaye sasa ndiye mkuu wa kaunta, na ndiye huyohuyo aliyeniambia niandike haya.

Alichotaka Somoe ni kitu kifupi, bia ipi inakwenda na glasi ipi, kibandikwe ukutani karibu na sinki. Nimejaribu, kimenishinda. Kila glasi niliyoijua ilinifikia kupitia mtu, na mtu huwezi kumbandika ukutani. Kwa hiyo mtanivumilia. Mambo ya nililipwa nini na nilipandishwa cheo lini sitayagusa, hayamfundishi mtu kumimina.

Mie nilianzia Temeke, baa ya uani kule Tandika. Turubai juu, viti vya plastiki chini, jiko la nyama pembeni. Nilikuwa nimetoka Masasi, nimefikia kwa mjomba, na sijawahi kufungua hata chupa moja. Wakanipa kazi ya kuosha vyombo. Vyombo vyote vilikuwa vinaoshwa kwenye karai moja: bakuli za supu, sahani za chipsi na glasi humohumo. Nikaosha kwa bidii zangu zote, nikajiona mtu. Alasiri mteja akamimina bia kwenye glasi niliyoiosha, povu likapanda kidogo, likazama, ikabaki bia imelala kimya utadhani chai ya jana.

Akasimama. "Nyie! Bia gani hii imekufa? Mnatuuzia maji?"

Weee! Meza nzima ikaanza kurudisha chupa. Wengine wakasema bia ya hapa ni feki, wengine wakadai wenye baa wanachakachua. Mie nikajua kazi nimeipoteza siku ileile niliyoipata. Ndipo akaja Dada Fausta, mhudumu mkubwa wa pale, mwanamke mnene wa sauti ya taratibu, kifungulio cha chupa kikining'inia kiunoni kwa kamba ya kiatu. Hakunigombeza. Alichukua ile glasi, akaimwaga, akanisogezea puani.

"Nusa."

"Sisikii kitu, dada."

"Nusa tena. Fumba macho."

Nikafumba macho. Nikasikia mbuzi.

"Umeona?" akasema. "Huyo mbuzi wa supu ndiye aliyeua bia ya watu. Mafuta na povu haviivi chungu kimoja, mdogo wangu."

Kuanzia siku ile glasi zikapata karai lao na brashi yao, na bakuli la supu likisogea karibu mie nilikuwaga napiga kelele kama nimeona nyoka. Fausta alinifundisha kusuuza kwa maji mengi, kwa sababu sabuni nayo inaua povu. Alinikataza kufuta ndani kwa kitambaa, kitambaa kinaacha nyuzi na harufu ya mikono ya watu. Igeuze, iache ikauke yenyewe. Ukimimina ukaona vitone vya hewa vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, usijitetee, glasi hiyo ni chafu. Rangi ya midomo ya kina dada ndiyo mbaya kuliko zote, inataka kidole na chumvi kidogo.

Glasi yenyewe pale ilikuwa ya aina moja, fupi, nene, ngumu kuvunjika. Unampelekea mteja chupa imefungwa, glasi imegeuzwa juu ya shingo ya chupa, unafungua mbele ya macho yake. Ukimfungulia kaunta, hainywi, na hata mie nisingeinywa. Kisha anamimina, anafunika glasi kwa kizibo, inzi asiingie, na binadamu mwenye nia mbaya naye asiingie. Lakini kabla ya hayo yote lazima uulize: moto au baridi? Wageni wanashangaa tukisema bia ya moto. Nani kawaambia tunaipasha? Ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, basi. Fausta alikuwa na glasi chache pana kidogo, amezificha chini ya kaunta, akiwapa wa moto peke yao. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Bia ya moto ina hasira, inapanda haraka. Ipe nafasi ya kugombana." Hapo ndipo nilipojua kwanza kwamba glasi inachaguliwa.

Nilihamia Msasani, hoteli ya ufukweni, ambako mteja haleti mdomo wake kwenye chupa. Kule nilijifunza kubeba sinia kwa vidole, kushika glasi kwa shina wala si kwa mdomo, na kunyamaza. Ya moto nayo ilinifuata hukohuko. Mkandarasi mmoja wa kutoka bara alikaa mezani na wageni wake, akaagiza bia ya moto. Mwenzangu akaandika oda kwa Kiingereza, ikaenda jikoni. Jikoni wakaisoma, wakaipasha. Bia ikaja kwenye birika, na kikombe, na kisosi. Yule baba alifungua kifuniko, akaangalia mvuke, akafunga. Akamwambia mwenzangu kwa upole kabisa, "Haya, niletee na sukari basi." Nilicheka mpaka nikajificha stoo.

Mikocheni ndiko nilikokaa hadi kustaafu, na ndiko nyie mlikonikuta. Mnaijua baa, sina haja ya kuieleza sana: nyuma ya maghala, mitungi mikubwa ya kupikia bia ikionekana kupitia kioo. Madam Tunu, mwenye baa, alipoanza kupika bia zake alileta na glasi zake, kila bia na glasi yake. Akanikalisha chini siku ya kwanza.

"Likwata, lager ni kwenye glasi ndefu. Siku nikiiona kwenye magi, hiyo siku ni yako ya mwisho hapa."

Nilimpenda kwa neno hilo. Mie ni mtu wa msimamo, na nilikuwa nimesubiri miaka mingi nimpate bosi anayejali. Nikawa mkali kuliko yeye. Wengine mlilia kwa sababu yangu, naomba msinikumbushe.

Lakini aliyenifundisha kuziona hizo glasi hakuwa Madam. Alikuwa mteja, Mzee Chitanda, Mmakonde, fundi wa kuchonga mpingo pale upande wa Mwenge. Kila Jumamosi mchana alikuja na wachongaji wenzake, wana vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Siku ya kwanza nilimpelekea bia ya ngano kwenye glasi yake, ile iliyobanwa chini na kufunguka juu. Hakunywa kwanza. Aliizungusha mkononi, akapitisha kidole gumba taratibu kutoka juu hadi chini.

"Huyu kamchonga nani?"

"Ni ya kiwandani, mzee."

"Aliyempa kiwanda hilo umbo ana macho. Ona: mdomo, shingo, bega, kiuno, kitako. Huyu ni mtu kabisa."

Nikakaa. Baa haikuwa na watu wengi, na mzee alikuwa na maneno. Aliagiza nimletee zote tupu, akazipanga mezani, akaanza kuzisoma. Majina mnayoyatumia hadi leo, Refu, Kiuno, Tumbo, ni yake. Na hapa Somoe apate alichokitaka.

Nyepesi yetu, lager, inakwenda kwenye Refu. Ukuta wake ni mwembamba, mdomo hauhisi kioo, unahisi bia. Wembamba wake unalibana povu lisiondoke mapema, na urefu unampa mteja cha kutazama, vile vitone vinavyopanda. Ya ngano inakwenda kwenye Kiuno, kwa kuwa povu lake ni jingi kupita kiasi na linahitaji bega la kukalia. Ile nzito nyekundu, inayolewesha watu wakiwa bado wanaisifu, iende kwenye Tumbo. "Tumbo pana, mdomo umekaza," alisema Chitanda. "Mdomo ukifunguka, harufu inakwenda zake. Ukikaza, inabaki ndani inakungoja." Nyeusi haina makuu, ipe glasi pana iliyonyooka. Na ya kahawia ndiyo ya magi, kioo kinene chenye mkono, kwa sababu bia ile hainywewi haraka, na mtu anataka kitu cha kushika wakati anaongea. Haya, Somoe. Yabandike.

Sasa nyie mnaobandika mjue kwamba Refu ina kasoro moja. Ni nyepesi, na uzito wake wote uko juu. Mkono ukiyumba kidogo tu, bia nayo inayumba, na kila aliye kwenye meza anaona.

Jumamosi moja Mzee Chitanda alinyanyua Refu, ikamwagika kwenye shati. Wenzake wakacheka. "Mzee, leo umeanza mapema!" Naye akacheka. Jumamosi iliyofuata aliiacha bia mbele yake mpaka povu likafa, kisha akainamisha kichwa akaivuta pale pale mezani kama mtoto anayevuta uji. Nikaona. Mtu wa kaunta kazi yake ni kuona, kumimina ni ziada. Huyu hakuwa mlevi, wala glasi ya tatu sikuwahi kumpelekea. Na mkono wake ulikuwa unatetemeka kabla hajagusa kitu.

Alikuja kaunta peke yake wenzake walipokuwa wanaangalia mpira.

"Umeona, eeh?"

"Nimeona, mzee. Pole."

"Hospitali wamesema ni mishipa. Si pombe wala si kitu cha kuua." Akaweka kiganja juu ya mbao ya kaunta, akakikandamiza. Kikatulia kabisa. "Ona. Mkono ukiegemea mti unatulia. Patasi yangu inaegemea mti, nachonga kama nilivyokuwa nachonga. Ukibaki hewani ndio unanisaliti. Sasa nani atakaa asikilize maelezo yote hayo? Ataona glasi inacheza, atasema fundi amekwisha."

Kisha akaniambia lililomkosesha usingizi. Jumamosi ijayo Shirima anakuja. Shirima alikuwa dalali anayewapelekea wachongaji kazi kubwa, na safari hii alikuwa na milango ya hoteli mpya, milango mizima ya kuchonga juu mpaka chini. Chitanda na wapwa zake hawakuwa na kazi nyingine yoyote. Wapwa wawili walikuwa wameshaanza kuongelea kuacha patasi wakaendeshe bodaboda. Na Shirima alikuwa na desturi yake: hampi mtu kazi ofisini. Anakaa naye mezani, anaagiza bia, anamtazama.

"Si uagize soda na mrija?" nikasema.

Akanikata jicho. "Mie na Shirima tumekunywa bia miaka yote. Leo nikamate mrija, si ndio nimemwambia mwenyewe?"

 Wiki nzima niliwaza ile milango. Nilikuwa nafikia hatua ya kuamka naiona glasi ndefu inaanguka.

Jumamosi ikafika. Shirima akaja, mwanamume wa tumbo na kalamu mfukoni, akasalimia meza yote, akapunga mkono kaunta. "Likwata! Nyepesi kwa wote!" Madam Tunu alikuwa amekaa mwisho wa kaunta na wageni wake, ananiona mie na anaiona ile meza. Juu ya kichwa changu Refu zote zilikuwa zimening'inia, kavu, zinameremeta. Somoe, ambaye wakati huo alikuwa mgeni kazini na ndiye muoshaji wetu, alikuwa ametoka kuzipanga sasa hivi.

Nilinyoosha mkono kwenye Refu. Wallahi niliinyoosha. Kisha nikautazama mkono wangu mwenyewe, jinsi ulivyotulia tuli, haujui shida ya mtu. Nikaushusha, nikachukua magi.

Si magi moja. Ukimpa mmoja magi na wengine Refu, umemvika mtu kengele shingoni. Nilichukua magi za meza nzima. Nikamimina zisijae, nikaacha povu nene juu, maana povu linazuia bia isiruke. Nikazipeleka mwenyewe.

"Leo vipi?" Shirima akasema. "Sie si watu wa glasi ndefu?"

"Glasi ndefu ziko majini, bosi."

Akainua mabega, akakamata magi. Nilipogeuka nikakutana na macho ya Madam. Alikuwa haniangalii mie. Alikuwa anaangalia juu, pale glasi zilipokuwa zimening'inia, kavu kama biskuti.  Nikatembea kurudi kaunta, sikukimbia, nikazishusha zote kwa mikono miwili na kuzitosa kwenye sinki la maji ya sabuni. Chubwi, chubwi, chubwi.

Somoe alipiga ukelele. "Anko Likwata! Si nimezitoa sasa hivi!"

"Zina harufu."

"Harufu ya nini?"

Mungu anisamehe, kichwani lilikuwemo jibu moja tu. "Ya mbuzi."

"Kwani sie tunauza mbuzi?"

"Osha."

Madam akasogea. Akaopoa glasi moja kwenye mapovu, akainusa, akaniangalia. "Mbuzi?"

"Kitakoni, Madam. Kule chini kabisa."

Akairudisha majini taratibu, akarudi kwa wageni wake. Hapo ndipo jina la Mzee Kitako lilipozaliwa, kama mlikuwa hamjui, na Somoe aliosha glasi safi akinilaani kwa Kimwera, akidhani sielewi.

Mie macho yalikuwa mezani. Magi ni nzito. Huinyanyui kwa vidole kama mtu anayechuma ua. Shirima mwenyewe alishika mkono wa magi kwa kulia na kuizunguka kwa kushoto, viwiko juu ya meza. Wote wakashika vilevile. Mzee Chitanda akashika kama wenzake, viwiko juu ya mbao, mikono miwili imekumbatia kioo, akainamisha shingo kidogo, akanywa. Bia ikatikisika ndani, ikaishia ndani. Waliongea mpaka magi zikaisha, nikaongeza nyingine, na Shirima akatoa kalamu akachora mlango kwenye karatasi ya kufungia nyama. Kisha akampa mzee mkono. Nikashika pumzi. Lakini mkono wa mzee uliegemea mkono wa mwenzake, ukatulia.

Niliiona ile milango baadaye, hoteli ilipofunguliwa. Nilikwenda siku ya mapumziko, nikasimama pale getini kama mshamba, nikapitisha kidole gumba juu ya yale majani na samaki waliochongwa. Hakuna mstari uliokosea. Mlinzi akaniuliza nataka nini, nikamwambia sitaki kitu, nikaendelea kupitisha kidole.

Tangu hapo kila Jumamosi glasi ndefu zilikuwa majini. Madam hakuuliza tena. Baada ya muda akaagiza magi nyingine, nyingi, kwa sababu zake mwenyewe, na ile sheria ya siku ya mwisho haikutajwa tena. Mzee Chitanda naye hakuwahi kunishukuru, wala mie sikutaka. Kushukuru kungekuwa kuitaja ile mikono mbele za watu. Siku alipokuja kuaga, anarudi Newala kwao kabisa, wapwa zake wamebaki na benchi lake la kuchongea, alisimama kaunta akagonga mbao kwa vidole.

"Likwata, zile glasi ndefu hazijatoka tu majini?"

"Bado, mzee."

"Haya bwana," akasema, akacheka mpaka akakohoa, akaondoka zake.

Nilimkumbuka sana, siwafichi. Jumamosi nyingi nilikuwa nasikia mlango nageuka.

Sasa nije kwangu. Ilianza nyumbani Kibamba, kwenye chai. Mke wangu akanitengea kikombe, nikakinyanyua, chai ikaruka kwenye kisosi. Nikasema kikombe kimejaa sana. Kesho yake hakikujaa, na chai ikaruka. Nikasema mkono nimeulalia. Mke wangu akanitolea nauli ya hospitali. Hospitali waliniambia maneno yaleyale ya Mzee Chitanda, mishipa, si kitu cha kuua. Nilicheka peke yangu kwenye benchi la hospitali.

Kazini nikawa mjanja. Nikaanza kuwapa nyie mmimine, nasema nawafundisha. Mkasema mzee amelainika, siku hizi anatuamini. Nilijikaza kisabuni hadi siku ya kustaafu, nikaagwa, nikala keki, na nikaomba nisipewe glasi ya kunyanyua kwa sababu eti tumbo linanisumbua. Baada ya hapo sikukanyaga tena Mikocheni. Somoe akipiga simu, nina mgeni. Akipiga tena, kuna msiba. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Miaka yote nimewagombeza watu kuhusu kushika glasi, leo nije niyumbe mbele yenu? Bora niwe mtu wa kusimuliwa.

Mwezi uliopita rafiki zangu wawili wa Tandika walinijia hadi nyumbani, wanataka nikawaonyeshe nilikokuwa nafanya kazi. Nikakosa msiba wa kutaja. Tukaenda, Jumamosi mchana. Somoe akatoka kaunta mbio, shikamoo anko, marahaba mama, akanikumbatia, akatuweka meza ileile ya wachongaji. Rafiki zangu wakaagiza nyepesi. Mie nikasema, kama mtu anayesema jambo la kawaida, "Niletee na mie nyepesi. Ila iwe kwenye chupa, zile za kwenda nazo nyumbani."

Somoe akakodoa macho. "Chupa? Wewe, anko?"

"Mtu akistaafu hana uhuru?"

Alinitazama usoni. Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono yangu, niliyokuwa nimeificha mapajani, yakapanda tena.  Akaenda.

Akarudi na sinia. Magi tatu, bia hazijajaa, povu nene juu. Akaweka moja kwa kila mmoja, yangu ya mwisho. Damu ikanipanda. Nani kamwambia? Mke wangu? Nilitaka kumwambia arudishe, na rafiki yangu mmoja naye akadakia, "Binti, sie tulidhani hapa kila bia na glasi yake. Huyu mzee ametuimbia njia nzima."

"Mnisamehe babu zangu," Somoe akasema, uso mkavu, haangalii mtu. "Glasi ndefu ziko majini."

Nikainua macho. Pale juu ya kaunta vyuma vya kuning'inizia vilikuwa vitupu, na ndani kwenye sinki msichana muoshaji analalamika kwa sauti kwamba alikuwa ametoka kuzikausha. Kumbe miaka yote alijua. Alikuwa anaosha glasi safi kila Jumamosi, ananilaani, na anajua. Machozi yakanijia mbele ya watu wa Tandika, nikasingizia moshi wa jiko la nyama la jirani.

Nikatoa mikono mezani. Nikaweka viwiko juu ya mbao, nikaikumbatia ile magi, ikatikisika, ikatulia.

"Zina harufu?" nikamuuliza.

"Ya mbuzi, anko."

"Basi ziache zilowe."